Koo la Mjane

Swali la kwanza mnaloniuliza, nyinyi vijana mnaokuja kwangu na kamera mpya shingoni, huwa lile lile: "Mzee, ulikuwa unatumia lenzi gani?" Nikiwajibu kwamba chombo changu kikuu kilikuwa gunia tupu la sukari, mnatazamana, mnadhani uzee umenipanda kichwani. Basi leo nawaeleza kwa maandishi, ili asiwepo wa kunikatiza. Jabali la ziwani asubuhi ni baridi. Ukilikalia hivi hivi, makalio yatavumilia kidogo, kisha yataanza kudai haki yake. Utajisogeza kushoto, utajisogeza kulia, na fisi maji aliyekuwa anakuja atakuwa amekwisha kukuona na kuzama. Gunia lililokunjwa vizuri linakupa subira ambayo hukuzaliwa nayo. Lenzi mtanunua, na pesa zikikosekana mtaazima.

Najua wengine wenu, hasa nyinyi wa Uriri na Rodi Kopany mnaolijua ziwa kwa samaki aliyekwisha kukaangwa, hamjamwona fisi maji hata siku moja. Si fisi. Hana ukoo wowote na fisi, na jina hilo limemponza, maana mtu akisikia fisi mkono wake unatafuta jiwe. Huyu ni mnyama mrefu wa rangi ya kahawia, miguu mifupi, mkia mnene, anaogelea kana kwamba maji yamemkubali. Anakula samaki, na hapo ndipo ugomvi wake na watu unapoanzia. Zamani walikuwa wengi upande huu wa Sori. Leo ukisema umemwona, watu wanakuuliza ulikunywa nini.

Mimi sikuanza na wanyama. Nilianza na maiti. Msishtuke, mpiga picha wa huku kwetu aliishi kwa mazishi. Harusi ilikuja mara moja moja, picha za kitambulisho zilikuja shule zilipofungwa, lakini mazishi hayakukosa. Familia nzima inajipanga nyuma ya jeneza, kuanzia mjukuu wa mwisho hadi shemeji aliyefika kwa kuchelewa na anayetaka picha ianze upya. Kazi hiyo ilinifundisha kusimama karibu na watu wenye uchungu bila kuwasumbua, na sijui somo lingine lililonifaa zaidi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Athumani, mtu wa pwani aliyekuja Homa Bay kuuza vitambaa akaishia na studio. Alikuwa na pazia moja lenye picha ya maporomoko ya maji na kiti kimoja cha kifalme ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuniruhusu kubonyeza ovyo. Nyinyi siku hizi mnapiga picha mia za sahani ya wali, kisha mnazifuta. Yeye alinikalisha nyuma ya kamera bila filamu ndani, nitazame tu.

"Mwanangu," aliniambia, "mtu akikaa mbele ya kamera, mwache kwanza achoke kujipamba. Akishachoka, uso wake hurudi wenyewe. Hapo ndipo ubonyeze, usingoje tena, maana hautakaa."

Studio yangu mwenyewe niliifungua Rodi Kopany, na wakati mwingi niliwaambia watu maneno matatu: inua kidevu kidogo. Picha ya kitambulisho haitaki kivuli shingoni. Inua kidevu kidogo, mama. Inua kidevu kidogo, baba, si hivyo, usitazame dari. Niliyasema hata ndotoni, mama watoto wangu alinicheka.

Siku moja kwenye harusi alinijia mwanamke aliyekuwa akitazama lenzi yangu kuliko alivyomtazama bibi harusi. Jina lake Nekesa, daktari wa mambo ya wanyama, alikuja kuchunguza fisi maji ziwani na alihitaji mtu mwenye lenzi ndefu na asiye na haraka. Alinieleza kwamba kila fisi maji wa aina hii ana madoa meupe kooni, na madoa hayo hayafanani kati ya mmoja na mwingine, wala hayabadiliki tangu utoto hadi kufa. Ukipata picha ya koo, umempata mwenyewe. Nilicheka mpaka akakasirika. Ilibidi nimweleze: maisha yangu yote nimewaambia watu wainue kidevu, na sasa nimeajiriwa kumngojea mnyama ainue chake.

Mwanzoni niliaibika. Walimu waliwaambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia sana, na mbivu zikaliwa na mnandi. Mnandi ni yule ndege mweusi anayeogelea mwili ukiwa umezama, shingo tu ikionekana, na kwa mtu aliyetoka kwenye jeneza na bibi harusi shingo ile inatosha kabisa kuwa fisi maji. Nilimaliza filamu, nikaisafisha kwa Mzee Athumani, nikamtumia Daktari picha kwa fahari. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hongera. Ni ndege wazuri sana." Zilizobaki zilikuwa za kenge.

Baada ya hapo nilijifunza kuanza na mavi. Samahani kama mnakula. Fisi maji ana mahali pake pa kujisaidia, jabali lile lile kila mara, na mavi yake yamejaa magamba na miiba ya samaki. Yakiwa makavu na meupe, umechelewa. Yakiwa na unyevu na harufu ya kukukunja pua, kaa hapo, lakini kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Usijipake mafuta yenye marashi. Usibebe samaki wa kukaanga kwa chakula cha mchana. Utavutia kila kitu isipokuwa unachokitaka. Na kabla hujakaa, tazama nyuma yako. Mimi nilikaa asubuhi nzima nikitazama ziwa, nikisikia pumzi nzito ambayo niliidhani ni yangu, kumbe kiboko amejilaza kwenye matete mgongoni mwangu. Tuliachana kwa adabu. Nilitambaa kwa tumbo kama mtoto, na gunia nililirudia baada ya wiki.

Siri ya koo niliipata kwa kukosea mara nyingi. Fisi maji husimama kwa miguu ya nyuma na kuonyesha koo pale tu anapokuwa hana hakika. Ukijificha vizuri mno, hana sababu ya kusimama. Ukijionyesha, anazama. Inabidi uwe jambo dogo lisiloeleweka. Mimi nilikuwa natoa kiwiko nje ya matete, basi, kiwiko tu, na kukiacha hapo. Anakitazama, anainuka, anashangaa, nami nabonyeza. Hilo hamtalisoma kwenye kitabu kinachouzwa na kamera.

Wa kwanza kunipa koo lake alikuwa jike mmoja kwenye majabali yaliyo mbele kidogo ya ufuo wetu wa Sori. Alipanda na fulu mdomoni, samaki mdogo wa majabalini, akamla kuanzia kichwani huku amemshika kwa mikono miwili kama mtu anayekula muhindi. Alipomaliza aliona kiwiko changu. Mimi, mjinga wa studio, nikanong'ona: inua kidevu kidogo. Akasimama. Koo lake lilikuwa na madoa kama maziwa yaliyomwagikia shati. Tulitazamana muda ambao sikuupima, na nilisikia furaha kali iliyonitia haya, mtu mzima kama mimi. Nilikumbuka kubonyeza alipokuwa anageuka.

Wakati huo hakuwa peke yake. Walikuwa kundi, wakipigiana mluzi mwembamba kutoka jabali hadi jabali, huyu akiita, yule akijibu, na watoto wakilia kama vifaranga. Niliwajua wote kwa makoo yao. Daktari Nekesa alimaliza uchunguzi wake akaenda, akaniachia kazi bila mshahara, nami nikaiendeleza kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuharibika. Aliniachia pia kamera moja ya kutega, ile inayojipigia picha yenyewe kitu kikipita. Nadhani picha yake ya mwisho ilikuwa ya uso wa mwizi, lakini mwizi ndiye aliye nayo.

Kisha nyavu zikasogea karibu na majabali. Fisi maji anamfuata samaki ndani ya wavu, ananaswa, na kwa kuwa anapumua hewa kama mimi na wewe, anakufa maji. Magugu maji nayo yaliziba maji safi ya kuwindia. Halafu ziwa likafura, likameza matete walimokuwa wanazalia pamoja na vyoo vya ufuo na duka la jirani yangu. Nilianza kukosa koo moja baada ya lingine. Mwishowe alibaki yule wa maziwa shatini. Wavuvi ndio waliompa jina. Walimwita Mjane.

Sitaki kuwadanganya kwamba kazi hii ni ya raha. Ni kazi ya upweke. Huwezi kwenda na rafiki, maana rafiki ana mdomo. Huwezi kukohoa, huwezi kuimba, huwezi kuitikia salamu ya mtu anayepita na boti, na baada ya miaka watu wanaacha kukusalimu. Mama watoto wangu, Rosalia, alipofariki, watoto walikuwa wamekwisha kuhamia mbali na kazi zao. Kuna siku nilirudi kutoka majabalini nikagundua kwamba tangu niamke sijasema neno. Nikamsalimia jogoo ili nisikie kama sauti bado iko.

Na kule majabalini Mjane alikuwa anaita. Anapiga mluzi, anangoja. Anahama jabali, anapiga tena, anangoja. Sijui mnyama anahisi nini. Daktari alinikataza kusema mambo ya namna hiyo. Lakini mimi nilikuwa namsikia, na moyo ulikuwa unaniuma. Mluzi ule najua kuuiga vizuri kabisa. Ningeupiga angekuja mbio hadi miguuni pangu na ningepata picha za kuwaziba midomo wapiga picha wote wa nchi hii. Sikuupiga. Akija utamwambia nini?

Sasa niwaeleze jambo lenyewe.

Kamati ya ufuo wetu, au kamati ya bichi kama tunavyosema, ilikubali miaka michache iliyopita kwamba nyavu zisitegwe kwenye majabali yale maadamu Mjane yupo. Haikuwa rahisi. Mwenyekiti ni Ouma, mwenye boti na nyavu nyingi kuliko wengine, mtu mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo. Nyavu zake ndizo zilizotoboka zaidi.

"Jaduong'," aliniambia siku ile, akitumia neno letu la heshima kwa mzee, ingawa uso wake haukuwa na heshima yoyote, "hiyo mnyama inakula nyavu yangu, inakula samaki yangu, na sasa unataka nipatie nyumba?"

"Nyumba iko tayari," nikamwambia. "Nataka tu usiivunje."

Wakakubali kwa sharti moja. Kila mwaka mvua ndefu zikiisha, kabla ya kikao cha kupanga msimu, niwaletee picha mpya ya Mjane, koo likionekana, wahakikishe ni yeye na yu hai. Picha ikikosekana, majabali yafunguliwe. Niliona ni sharti la haki. Kila mwaka niliipeleka studio Homa Bay, wakaichapisha kwenye karatasi kubwa, nikaipeleka kikaoni. Wanawake wanaokausha omena, dagaa wetu wa ziwani, waliipitisha mkono kwa mkono. Vijana walisema Mjane ako poa kuliko mimi. Ouma aliitazama, akasonya, akaandika jina lake kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kutega pale, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamani.

Mwaka huu sikumwona.

Nilianza mvua zilipopungua. Nilikwenda kila asubuhi, na jioni pia. Nilikagua jabali lake la haja, mavi yakawa meupe, kisha yakasombwa, mengine hayakuja. Nilisikiliza mpaka masikio yakaanza kuniundia sauti. Jicho langu la kulia tayari lina ukungu, la kushoto linaelekea huko, kwa hiyo nilijiambia labda ni mimi, labda anapita mbele yangu na siwezi kumtofautisha na maji. Nilimwomba Mungu iwe ni macho. Mtu anaweza kufika mahali akaomba awe kipofu.

Siku ya kikao ikakaribia. Hapa nataka msikilize kwa makini nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii. Nilikuwa na picha nyingine ya mwaka uliopita, iliyopigwa siku moja na ile niliyowapa lakini kwa upande mwingine, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Madoa hayabadiliki. Manyoya yake hayana mvi. Maji ni maji. Nilikwenda Homa Bay nikaichapisha, nikaitia kwenye mfuko wa shati. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakumjua fisi maji. Njia yangu ingefika mpaka kaburini. Ningeweza kuwapa picha za zamani mwaka baada ya mwaka, na majabali yangebaki yamefungwa, na kama Mjane alikuwa amehama kidogo tu, siku akirudi angekuta kwake pametulia. Nilijiambia si uongo, ni ulinzi.

Kikao kilikuwa chini ya paa la mabati pale pa kupimia samaki. Ouma alimaliza mambo ya injini na ada, kisha akanigeukia.

"Jaduong', leta picha."

Mkono wangu ulifika mfukoni. Nilisikia karatasi kwa vidole. Nikawatazama wale watu, walioshika sharti lao miaka yote hiyo bila kupenda, na nikawaza: nikiwapa hii, hakuna atakayemtafuta tena. Kila mmoja atakwenda nyumbani akijua Mjane yupo. Kama amekufa, nitakuwa mtu pekee duniani ninayejua kwamba hayupo. Upweke nimeuzoea wa kila aina, lakini huo niliuogopa.

"Sikumwona," nikasema.

"Haukumwona aje?"

"Msimu wote. Nimekwenda kila siku. Sikumwona wala sikumsikia."

Maneno yakaanza pande zote. Kijana mmoja mwenye boti mpya akasimama. "Pole mzee, lakini hiyo mambo imeisha. Pale ni gunda sasa, na gunda inalimwa. Tufungue tu."

Gunda, kwa msiojua, ni boma lililobaki bila mtu. Nyumba zikianguka na ua ukioza, ukoo hulima pale, na mahindi hustawi sana kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Ni desturi nzuri, haina ubaya wowote. Neno lile lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimelala usiku huo kwenye boma lenye mtu mmoja. Watu walianza kuinua mikono wakubali. Nilikaa chini.

Ouma hakuinua wake. Alikuwa anatazama meza.

"Nani ameona mwili?" akauliza.

Akaikagua mikono iliyoinuliwa, mmoja mmoja.

"Nauliza. Kuna mtu amepata mwili yake? Kwa nyavu? Kwa mchanga? Ndege wameshuka mahali?"

"Omera, ndugu yangu, ni mnyama tu," yule kijana akasema.

"Najua ni mnyama! Imeniharibia nyavu kushinda nyinyi wote mkiwekwa pamoja." Alipiga meza, kisha sauti yake ikashuka, na sikuwahi kuisikia ikiwa chini vile. "Ndugu yangu Okoth alipotea hapo nje ya hayo mawe. Wengi wenu mlikuwa wadogo. Tulifunga bichi. Hakuna boti ilitoka, hakuna mtu alitia nyavu kwa maji, hata wenye njaa, mpaka wazee wakasema imetosha. Hakupatikana. Tukazika yago."

Yago ni lile tunda refu, zito, lisiloliwa, linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu. Ziwa likikataa kutoa mwili, ndilo tunalolaza ndani ya jeneza na kulizika kwa heshima zote. Nimewahi kupiga picha mazishi kama hayo. Watu wanajipanga nyuma ya jeneza kama kawaida, lakini hawajui watazame wapi.

"Mama yangu hajawahi enda kwa hiyo kaburi," Ouma akaendelea. "Mpaka leo. Ukimwambia Okoth alikufa, anakuuliza swali moja, nani ameona mwili? Na mimi sina jibu. Shamba ya Okoth iko pale, nyasi mpaka hapa, na sijawahi kuilima. Sasa nyinyi mnaniambia nilime ya huyu kwa sababu jaduong' haoni vizuri?"

"Yawa," mwanamke mmoja akasema polepole upande wa omena, kama mtu anayesema jamani.

"Hatufungui," Ouma akasema. "Mpaka yeye aonekane, ama mwili ionekane. Mtu akiona moja kati ya hizo, aje aniambie. Kikao imeisha."

Yule kijana mwenye boti mpya alinung'unika, lakini mikono ilishuka. Mkutano ukatawanyika. Ile picha ilibaki mfukoni mwangu, ikalowa jasho, na sikumwonyesha mtu.

Kesho yake, kulipokuwa kunapambazuka, nilisikia hodi langoni. Sikuitambua mara moja, kwa kuwa hakuna anayenibishia hodi asubuhi. Alikuwa Ouma, amevaa koti la mvua, kasia begani.

"Twende tuangalie," akasema. "Mimi macho yangu iko sawa."

Nilimweleza masharti. Gunia lako liko hapa. Usijisogeze. Usivute sigara. Zaidi ya yote, usiseme. Akaitikia kama mwanafunzi mwema. Alipiga kasia vizuri, bila kurusha maji, tukafika majabalini jua likichomoza, tukakaa. Ziwa lilikuwa tulivu. Nilimwonyesha kwa kidole jabali la haja, na pale alipokuwa anapenda kulia chakula, na matete mapya yaliyoanza kuota upya kandokando ya maji. Alitazama kwa muda mrefu, na niliona kweli kwamba macho yake yanafika mbali kuliko yangu. Akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

Kisha akaanza kuongea.

Alianza kwa kunong'ona. Kwamba pale kwenye jiwe lililochongoka ndipo Okoth alipokuwa anapenda kutega ndoano, kwa sababu alichukia nyavu. Kwamba alikuwa mvivu wa kila kitu isipokuwa ndoano. Kisha akasahau kunong'ona. Akaeleza jinsi Okoth alivyowahi kumwuzia mwalimu mkuu samaki wa jana kwa bei ya leo, na jinsi alivyokuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, hata watu wakacheka bila kujua cha kuchekea. Mnandi wawili waliruka wakaenda zao. Kama kulikuwa na mnyama yeyote kati yetu na Tanzania, alikuwa amekwisha kutusikia.

Jua lilipoanza kuwa kali alinyamaza ghafla, akanitazama kwa haya, mtu mkubwa kama yule.

"Nimeharibu kazi, ama?"

Nilifunika lenzi, nikaiweka kamera juu ya gunia.

"Endelea," nikamwambia. "Ulikuwa unasema alikuwa anacheka aje."